Mfungo Kabla ya Kipimo

Félix aliporudi kutoka chini ya maji, mwezi wa Januari mwaka ule, mwili wake haukujua tena kutofautisha asubuhi na jioni. Alilala saa sita mchana kama mtu aliyepigwa, akaamka, akala, akalala tena. Nguo zake zilinuka dizeli hata baada ya kufuliwa mara mbili, na mimi kufua ndiyo kazi yangu. Nafanya kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli, hapa hapa Jordbro, upande wa maghala. Damu inatoka, divai inatoka. Harufu ya nyambizi haikutoka.

Félix ni mdogo wangu. Alikuja Sweden na Mama akiwa mtoto wa miaka tisa, mimi nikabaki kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma na Baba. Nilifuata baadaye, mtu mzima tayari, na darasa la saba langu. Ndiyo maana Kiswidi changu ni cha kuokoteza, na Kiswahili chake ndicho cha kuokoteza. Mama akimwuliza kwa Kiswahili, mara nyingi anajibu kwa Kiswidi, na maisha yanaendelea.

Umri wa jeshi ulipofika walimpeleka majini, na alipomaliza muda wake wa lazima wakamwajiri abaki kwenye nyambizi. Mama anahudumia wazee majumbani mwao, na sidhani kama kuna mzee mmoja katika wilaya yetu nzima ya Haninge ambaye hakuonyeshwa picha ya Félix na kofia yake ya baharia. Wengine aliwaonyesha mara nyingi, kwa kuwa walisahau.

Jumamosi moja alasiri, giza limeshaingia kama kawaida ya Januari, nilipika sombe ya majani ya muhogo na ugali wa muhogo. Unga tunaufuata madukani Rinkeby. Tulikaa mezani watatu.

"Huko chini mnakula nini?" Mama aliuliza.

"Vizuri sana, Mama. Mpishi anaoka kila zamu. Mikate ya mdalasini, keki. Tunafanya kazi kwa saa sita, tunapumzika kwa saa sita, tunarudi. Ukiamka unakuta kahawa na keki."

"Keki asubuhi?"

"Asubuhi ipi? Kule hakuna asubuhi. Kuna taa tu."

"Na kutembea je? Mnatembea?"

Félix alicheka. "Nitembee niende wapi? Kutoka kitandani mpaka kwenye kiti changu ni kama kutoka hapa mpaka kwenye friji. Na kitanda chenyewe nikitoka anaingia mwingine, bado kina joto langu."

"Bwana Yesu," alisema Mama, lakini kwa fahari.

Kisha Félix akaacha kula. Akafinyanga tonge, akalirudisha kwenye sahani. "Wananipima tena damu," alisema. "Alhamisi ya wiki ijayo."

Alitueleza vipande vipande, nusu kwa lugha yetu, nusu kwa yake. Madaktari wa jeshi walikuwa wanafuatilia sukari kwenye damu ya mabaharia wa nyambizi. Waliwatoa damu kabla ya kushuka na baada ya kupanda. Karibu wote walirudi na sukari imepanda kidogo, kwa kukosa jua, kukosa kutembea, kulala kwa vipande, na hizo keki. Baada ya wiki mbili tatu juu ya ardhi, ya wenzake ilishuka. Ya Félix haikushuka.

"Sasa watanipa kipimo kikubwa. Nakunywa maji ya sukari, nakaa saa mbili, wanaangalia mwili umeifanya nini ile sukari. Ikiwa mbaya, Machi siendi. Na nisipoenda Machi..." Akasukuma sahani mbele. "Mkataba wangu unaisha majira ya joto. Hawamwajiri baharia wa nyambizi ambaye hawezi kushuka."

"Kwa sukari tu?" alisema Mama.

"Mama, ukiugua kule chini, hakuna ambulensi."

Mama hakumtazama Félix. Alinitazama mimi. Nilijua anachokitafuta usoni mwangu, na nikainamisha macho nikaokota vyombo.

Baba alikufa kwa sukari. Mimi nilikuwepo. Ilianza na kiu, akawa anakunywa ndoo, kisha kidonda kidogo mguu wa kushoto, chini ya kidole gumba, ambacho kila mtu alisema ni msumari. Kilikuwa kidonda cha msumari kwa karibu mwaka mzima. Wakati huo ndipo jina letu lilipotoka kwenye orodha ya kuhamia Sweden. Baba hakuruhusiwa kusafiri na mguu ule, wakasema atafuata akipona, na mtu mmoja lazima abaki naye. Mama akaondoka na Félix. Mimi nikabaki. Mguu ulikatwa hospitali ya Kasulu, chini ya goti, halafu Baba akaishi miezi michache, macho yakififia, akiniita kwa jina la Mama.

Nilipotua Arlanda miaka kadhaa baadaye, Mama alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Halafu akanivuta chooni pale uwanjani, akafungua bomba ili maji yapige kelele, akaniambia: "Félix anajua Baba alikufa kwa malaria. Siku tatu, akaenda. Usimwambie vingine." Sikumwuliza kwa nini. Malaria ya siku tatu haimpi mtoto nafasi ya kuuliza mbona tulimwacha mgonjwa.

*

Jumapili tunasali Skärholmen, kwenye ukumbi tunaoazimwa na parokia ya Waswidi wakimaliza ibada yao. Tuko mchanganyiko: Warundi, Wakongo, Watanzania kadhaa, kwa hiyo Kiswahili ndicho kinachotukusanya. Mama alisimama kwenye maombi akasema mwanawe ana mtihani wa damu. Hakusema zaidi.

Mchungaji Egide aliuliza ni mtihani gani. Mama akasema sukari. Wanawake wakaguna.

"Lakini ugonjwa wa watu wanene huo," alisema Mama Queen, Mtanzania wa Mwanza, mtu wa maneno mengi. "Huyu Félix mbona kama fagio? Hebu geuka tukuone, baba. Eti huko chini ya maji mnasali mkiangalia upande gani?"

"Juu," Félix alijibu.

Watu walicheka, na hata Mama akacheka kidogo. Kisha Mchungaji akatangaza kufunga: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, maji tu. Wenye nguvu wafunge na familia, lakini mwenye hitaji lazima afunge mwenyewe. Akatukumbusha kama anavyotukumbusha kila mara: mtu aliyefunga huosha uso, hapaki majivu, hatangazi. Ni kati yako na Mungu wako. Ukishaanza kuwaambia watu wa nje kwamba umefunga, thawabu yako umeshaipata kwa hao watu.

Tukiwa kwenye treni nilimwona Félix anafikiri.

"Nesi alinipigia Ijumaa," alisema polepole. "Amesema siku za kabla nile kama kawaida. Halafu usiku wa Jumatano ndiyo nisile."

"Nesi anasema ya nesi," alisema Mama.

"Lakini Mama..."

"Sukari inatoka wapi? Si kwenye chakula? Keki, mikate, soda. Sasa wewe usipoingiza kitu siku tatu, sukari hiyo itatoka wapi, hewani? Damu yako itakuwa safi kama maji. Mungu atafanya yake na tumbo litafanya yake."

Félix alitabasamu. Niliona hesabu hiyo imemwingia. Hakuwa mtu wa maombi sana, alikuja kanisani kwa ajili ya Mama, lakini hili lilikuwa na mantiki ambayo hata baharia angeikubali. Mimi pia niliikubali. Nani angeikataa? Jikoni ukipunguza chumvi, mchuzi unapungua chumvi.

Zile siku tatu nyumba haikunuka kitu. Nilikuwa narudi kutoka kazini nimefunga na mimi, miguu imelegea kwa kusimama kwenye mashine ya kupiga pasi, na mlangoni hakuna harufu ya kitunguu wala ya mchele. Félix alikaa dirishani na chupa ya maji. Jumanne jioni mikono yake ilikuwa ya baridi. Jumatano alizungumza kidogo sana, na pumzi yake ilinuka kama tunda lililoiva kupita kiasi.

Harufu hiyo niliitambua. Sikujua inamaanisha nini kwa mtu aliyefunga, lakini niliwahi kuinusa Kasulu, kitandani kwa Baba. Nilikaa karibu na mdogo wangu kwenye kochi jioni ile, nikamshika mkono kama mtoto, na yeye akaniacha nimshike.

"Dada, usinitazame hivyo. Nina njaa tu."

"Najua."

"Baba alikuwaje? Nakumbuka ana redio. Alikuwa mrefu?"

"Mrefu kama wewe."

"Malaria ni kitu kibaya," alisema.

Nikasimama kumjazia chupa ya maji.

*

Mama alikuwa na zamu ya asubuhi, kwa hiyo Alhamisi nilimsindikiza Félix mimi, maana alitembea kama mtu anayekanyaga barafu hata mahali pasipo na barafu. Kliniki ilikuwa mjini, na ndani kulikuwa kimya na safi. Nesi aliitwa Christina, mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba.

Alimtoa damu. Akamwuliza maswali akitazama kompyuta. Kuna mtu nyumbani mwenye kisukari? Baba, mama, ndugu?

"Nej," hapana, alisema Félix bila kufikiri. Kwa nini afikiri? Alikuwa anasema anachokijua.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kando ya mlango, koti mapajani. Kiswidi hicho nilikielewa. Lakini hilo jambo halikuwa langu peke yangu. Lilikuwa la Mama.

Christina akampa glasi ya maji ya sukari yenye limau. Félix aliinywa yote kwa mkupuo mmoja, kwa njaa, na nilimwona jinsi alivyofumba macho. Kisha tukakaa. Alikatazwa kutembea. Baada ya muda jasho likamtoka kwenye paji la uso. Baadaye likakauka. Akasinzia. Saa mbili zilipokwisha Christina akamtoa damu tena, akaondoka nayo.

Hakurudi haraka. Aliporudi alimchoma kidole akapima tena palepale, akatazama kile kidude, akavaa miwani akakitazama upya.

"Damu ya kwanza ilikuwa nzuri," alisema. Alizungumza taratibu, nadhani kwa ajili yangu. "Ya chini hata. Lakini hii ya pili iko juu mno. Hii ni ya mtu mwenye kisukari kabisa."

Félix alikaa wima. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na uso wake ukawa wa yule mtoto wa miaka tisa niliyempungia mkono akiwa kwenye lori la kambi.

"Siku hizi ulikula kama kawaida?" Christina aliuliza.

"Ja." Ndiyo.

Hakudanganya kwa ubaya. Mfungo hausemwi. Tulifundishwa hivyo tangu tukiwa wadogo, kila mmoja upande wake wa dunia, na Félix kwa mara ya kwanza alikuwa analishika neno la Mchungaji kikamilifu, wakati usiofaa kuliko wote. Nilimtazama nesi. Alianza kuandika kwenye kompyuta. Nikafikiria kile kidonda cha msumari, na watu wote waliokuwa wakipita mlangoni kwetu wakisema pole kwa msumari.

"Hajala," nilisema.

Christina aligeuka.

"Siku tatu. Maji tu." Kiswidi changu kilitoka kama mawe, moja moja. "Sisi tunaomba Mungu. Hatuli."

"Dada!" Félix alisema kwa Kiswahili. "Nyamaza, wewe! Unataka wanione mjinga?"

Lakini Christina hakucheka. Aliondoa mikono kwenye kompyuta, akavuta kiti chake mpaka karibu nasi. Alituuliza tena, siku tatu nzima? Hata mkate? Kisha akatueleza, na alipoona sielewi akaeleza kwa mikono. Mwili ukikaa siku tatu bila chakula, unajipanga kwa njaa. Unaacha kutumia sukari, unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe, na ile milango ya kupokea sukari inafungwa kwa sababu hakuna kinachokuja. Halafu ghafla unaumiminia glasi nzima. Sukari inakuta milango imefungwa, inajaa njiani, kwenye damu. Hata mtu mwenye afya kabisa, ukimfungisha siku tatu ukampa kipimo hiki, anaweza kuonekana mgonjwa.

"Kwa hiyo hii haihesabiki," alisema. "Nenda nyumbani ule. Viazi, mkate, wali, chochote mnachokula kwenu. Urudi wiki ijayo."

Kwenye ngazi Félix alisimama akashika reli. Nilidhani atanigombeza.

"Ungenyamaza," alisema, "leo ningekuwa nimefukuzwa kwa kusali."

Akaanza kucheka, mimi pia, tukacheka kwa ile njaa yetu mpaka mtu mmoja akatupisha njia. Tukanunua mkate pale stesheni, tukaula mkavu, tukiwa tumesimama.

*

Mama hakucheka. "Umeutangaza mfungo," alisema. "Kwa nesi."

"Ungemharibia kazi, Mama."

"Nilikuwa namwombea!"

"Najua."

Alikaa chini na koti lake, na sikuona hasira usoni mwake, niliona woga. Wiki nzima alimlisha Félix kama mtu anayelipa fidia: ugali, maharage, viazi vya kuchemsha, samaki. Félix alikula akaenda kutembea kwenye theluji, akarudi mashavu mekundu. Kila mtu alikuwa na matumaini. Mama Queen alipiga simu kuuliza yule fagio wetu anaendeleaje.

Mimi nilikuwa nangoja. Ni kitu ninachokiweza. Niliwahi kungoja kambini, kwenye foleni ya maji, kwenye foleni ya majina, kando ya kitanda. Nilimwangalia Mama akipika, nikaona jinsi anavyosimama na mwiko hewani akisahau sufuria. Alikuwa anajua. Swali lile la nesi, la nani nyumbani ana kisukari, nilikuwa nimemwambia.

Siku ya mwisho kabla ya kurudi kliniki tulikuwa na zamu yetu kwenye chumba cha kufulia, kule chini ya jengo, ambako kila nyumba ina muda wake. Mashine zilikuwa zinazunguka. Mama alishika ncha mbili za shuka, mimi mbili, tukawa tunakunja, tunakutana katikati, tunaachana.

"Kesho wataliuliza tena lile swali," nilisema.

"Huenda wasiulize."

"Wataliuliza, Mama. Daktari mwenyewe atakuwepo."

Tulikutana katikati. Hakuiachia ncha yake.

"Walisema atafuata," alisema. "Unakumbuka? Yule bwana wa kambi alisema, mguu ukipona tu. Nikasema ni kidonda. Kidonda si kinapona? Nilikuwa na nafasi mbili mkononi, Béata, na vita vilikuwa vinavuka mpaka kila wiki. Nikamchukua mdogo."

"Nilikuwepo, Mama."

"Wewe hujawahi kuniuliza."

"Sina la kuuliza."

"Félix atauliza."

"Ndiyo. Atauliza."

Mashine moja ilimaliza, ikalia. Hakuna aliyeifuata.

"Atanichukia," alisema Mama. Hakulia. Alilikunja lile shuka mwenyewe, vizuri, pembe kwa pembe, kama ninavyokunja mimi kazini.

"Njoo nasi kesho," nikasema. "Sitasema kitu. Nitakungoja wewe useme. Lakini usimwache ashuke tena kule na kitu ambacho sisi wawili tunakijua na yeye hakijui. Ikifika tunasimama kuaga na bado hujasema, nitasema mimi."

Nilikuwa sijawahi kumsemesha hivyo mama yangu. Kisha akachukua kapu la nguo akapanda ngazi mbele yangu.

*

Daktari alikuwa kijana, ndevu nyekundu, mwenye haya kidogo. Tulikaa mbele yake watatu, Mama katikati, na sare yake ya kazi ikionekana chini ya koti. Félix alikuwa ameshakunywa, ameshakaa saa zake, ameshatolewa damu.

"Safari hii kipimo ni halali," daktari alisema. "Na wewe si mgonjwa. Huna kisukari."

Félix alishusha pumzi. Mama akashika msalaba shingoni.

"Lakini uko katikati. Juu ya kawaida, chini ya ugonjwa. Kama mtu aliye njiani, lakini anaweza bado kurudi." Akageuza kiti. "Sasa nina njia mbili. Sukari ya wenzako nayo ilipanda kule chini, kisha ikashuka. Inawezekana mwili wako unachelewa tu. Kama ni nyambizi peke yake, nitakuruhusu Machi, upunguze keki, tukupime ukirudi. Lakini kama kwenu kuna kisukari, hasa kwa mzazi, hilo ni jambo jingine. Hapo nitakubakiza nchi kavu mpaka nione inakwendaje. Nimeona hapa umesema hakuna."

"Hakuna," alisema Félix. Alinigeukia akiwa anatabasamu, kama anayetaka nimtilie mhuri. "Si ndiyo, Dada? Sisi ni watu wa muhogo."

Sikutabasamu. Nilimtazama Mama.

Daktari alingoja. Félix alingoja. Kwenye dirisha theluji ilikuwa inateleza kutoka kwenye bati la jengo la pili, inaanguka kwa vishindo vidogo. Mama alikuwa anatazama mikono yake, mikono iliyofubaa kwa kuosha wazee wa watu. Nilijiambia nitahesabu theluji ianguke mara nyingine moja. Ilianguka. Nikashika koti langu.

"Béata," alisema Mama. "Nitafsirie. Kiswidi kitanishinda hapa."

Nikaliachia koti.

Alisema kwa Kiswahili, akimtazama daktari asiyeelewa neno hata moja, kwa sababu kumtazama Félix hakuweza.

"Mwambie baba yao alikuwa na sukari. Mwambie hakufa kwa malaria. Aliugua miaka miwili, wakamkata mguu, na binti yangu huyu ndiye aliyemzika. Mimi nilikuwa huku. Nilikuwa nimeshakuja huku na huyu mdogo. Nilimwacha mgonjwa, nikasema ni kidonda."

Kwa hiyo Félix alisikia kwanza. Daktari alikuwa bado anatutazama usoni, mmoja baada ya mwingine, akisubiri maneno yake, na mdogo wangu alikuwa ameshapokea yote, kwa ile lugha anayosema ameisahau. Hakukosa neno. Nikatafsiri. Nilitafsiri taratibu, bila kupunguza. Nilipofika kwenye "binti yangu huyu" nikasema "mimi".

Daktari hakuandika mara moja. Alimwuliza Félix kama alikuwa anajua.

"Nej," alisema Félix. Neno lilelile, sauti nyingine.

*

Daktari alimbakiza nchi kavu. Machi nyambizi ilishuka bila yeye. Walimpa kazi kwenye karakana ya bandari, kukarabati pampu, na tarehe ya kupimwa mwezi wa Agosti. Mkataba wataufikiria wakiona damu. Daktari alisema si adhabu, alisema mtu aliyegunduliwa akiwa njiani ana bahati, na atembee kila siku, mbali, mpaka achoke.

Kwenye treni ya kurudi siku ile Félix alikaa peke yake upande wa pili wa njia, kichwa kwenye kioo. Mama alikaa nami, mkoba mapajani, amenyooka kama mtu anayengoja kuitwa. Tulipofika Handen, kituo kimoja kabla ya kwetu, Félix alisimama.

"Mimi natembea kuanzia hapa," alisema kwa Kiswahili. Hakusema na yeyote hasa.

Nikasimama nami. Mama naye, baada ya kusita, akashuka nyuma yetu milango ikiwa tayari inataka kufungwa.

Tulifuata njia ya waenda kwa miguu kando ya barabara, ile inayokwenda Jordbro. Theluji ilikuwa imekanyagwa ikawa ngumu. Félix alitangulia kwa hatua ndefu, mikono mifukoni. Mama, na viatu vyake vya kazi, akabaki nyuma, nikawa namwona akipungua kila nikigeuka. Sikujua nimfuate nani. Nikatembea katikati.

Kwenye mti mmoja Félix alisimama. Nikamfikia. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini huenda ni baridi.

"Mguu upi?" aliuliza.

"Wa kushoto. Kidonda kilianza chini ya kidole gumba."

Alitazama kiatu chake cha kushoto. Akakigonga kwenye mzizi, theluji ikatoka, akakigonga tena.

"Alikuwa anajua tuko wapi?"

"Alijua. Alikuwa anasema mwanangu atakula vizuri huko."

Nyuma yetu Mama alikuwa amesimama vilevile, mbali, kama ambaye ameambiwa asisogee. Tulikuwa tumesimama watatu kwenye njia moja ya theluji, na magari yakipita na taa zake.

"Anateleza na viatu vile," alisema Félix baada ya muda, kwa hasira.

Hakumwendea. Lakini hakuendelea kutembea pia. Alisimama pale, mgongo kwenye mti, akamngoja afike.